Asidi ya ukuta wa utumbo ni nini, na sabuni na dawa zinaigusa vipi

Kama umewahi kuosha matumbo ya ng'ombe, hapa Uganda wengi wanayaita byenda, ule ute unaujua. Unamwaga maji, unasugua, vidole bado vinateleza, unamwaga tena. Kuna mama anauza byenda hapa sokoni Busia, yeye huwa anatia chumvi halafu anakwangua na kisu mpaka utumbo ukwaruze mkononi, ndio anajua umetakata. Mimi nauza dawa karibu na meza yake na kila nikimwona anakwangua nakumbuka hii maneno ya asidi, maana watu wakisikia asidi wanafikiria kiungulia tu basi, kumbe hata utumbo mdogo una asidi yake, kidogo sana, imekaa pale pale ukutani chini ya ule ute.

Ni hivi. Asidi inapimwa kwa pH, namba ikishuka asidi inapanda, 7 ndio katikati, na kila namba moja ni mara 10, yaani pH 6 ina asidi mara 10 kuliko pH 7. Sasa katikati ya utumbo mdogo, kule chakula kinapita, pH huwa karibu na 7, lakini ukigusa ukuta wenyewe unapata karibu 6. Mwaka 1975 watafiti waliipima hivyo kwenye utumbo wa panya kwa kipimo cha kioo chenye ncha nyembamba sana, na hiyo tabaka yenyewe haifiki hata milimita 1.

Inatoka wapi? Seli za ukuta zina vilango, sodiamu inaingia ndani, haidrojeni inatolewa nje, na haidrojeni ndio asidi yenyewe. Ingepotea mara moja kwenye maji yanayopita, ila ute unaizuia. Fikiria nyumba ya nyasi mtu anapikia ndani: moto unatoa moshi, paa linaushika, kwa hiyo huko juu moshi ni mzito hata kama mlango uko wazi.

Sabuni kazi yake ni kubomoa paa. Inalegeza ute unatoka, na ikizidi inayeyusha mpaka ngozi ya seli zenyewe kwa sababu ile ngozi imejengwa na mafuta, na sabuni na mafuta unajua vile zinakutana. Ute ukitoka asidi inatawanyika, pH ya ukutani inapanda inakaribia ile ya katikati. Na mwili wenyewe una kitu kinafanya kazi kama sabuni, ni nyongo, inavunja mafuta ya chakula, lakini inakuja imechanganyika na mafuta mengine kwa hiyo makali yake yanapungua, na ukuta umeizoea.

Dawa zinapita njia ingine, zenyewe zinagusa vilango. Amiloraidi, ambayo ni dawa ya kukojoza, kipimo kikiwa kikubwa, inaviziba. Theofilini ya pumu inaongeza ndani ya seli ule ujumbe unaoviambia vilango vipunguze kazi. Sumu ya kipindupindu pia inapandisha ujumbe huo huo, tena kwa nguvu sana, seli zinamwaga maji na baikaboneti, yaani chumvi inayopoza asidi, na mtu anaharisha kama bomba. Omeprazo watu wananiuliza sana: hiyo inafunga pampu za tumbo la juu, ni pampu tofauti, vilango hivi haivifungi. Na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, hizo watu hapa wanameza kama karanga, zinapunguza prostaglandini, kemikali ya mwili ambayo ndio inaagiza ute na baikaboneti ya kulinda tumbo, kwa hiyo huko juu shida inageuka, asidi kali ya tumbo inaufikia ukuta na vidonda vinaanza.

Mbona nahangaika na asidi kidogo hivyo? Kwa sababu ya foliki, ile vitamini ya kutengeneza damu, zile tembe tunawapa mama wajawazito na watoto wa selimundu. Mwaka 2006 ndio alipatikana mbebaji, protini ya ukutani anayeiingiza mwilini, na anafanya kazi vizuri pH ikiwa karibu 5.5, anaingia na foliki pamoja na haidrojeni, bila ile asidi ya ukutani anachoka. Kwa hiyo ukuta ukipoteza asidi, foliki inaingia kidogo hata kama tembe umemeza.

Usiogope sahani yenye povu kidogo lililobaki, hayo ya sabuni niliyosema ni ya maabara, kule sabuni inawekwa moja kwa moja juu ya ukuta wa utumbo. Lakini mtoto akinywa sabuni ya maji usimtapishe, povu linaweza kuingia kwenye mapafu, mpangushe mdomo, beba hiyo chupa, mkimbize hospitali.