Siku moja kwenye kalenda, lakini je, ni siku moja kweli?

Orodha za "siku kama ya leo" zina raha yake: unafungua tarehe moja, unakuta majina mawili makubwa yamekaa bega kwa bega. Mara nyingi, hata hivyo, ukaribu huo ni wa karatasini tu.

Dhana: Shakespeare na Cervantes, yule mwandishi Mhispania wa Don Quixote, walifariki siku moja, 23 Aprili 1616.

Hiki ndicho kisa kinachopendwa kuliko vyote, na hata UNESCO ilikitaja ilipoichagua 23 Aprili kuwa Siku ya Vitabu Duniani mwaka 1995. Kasoro yake ni kalenda. Hispania ilihamia kalenda ya Gregori tangu 1582. Uingereza ikang'ang'ania ile kongwe ya Juliasi hadi 1752. Kufikia 1616 kalenda hizo mbili zilikuwa zimepishana kwa siku 10, kwa hiyo Shakespeare alipokata roho Stratford, kule Hispania walikuwa wakihesabu 3 Mei. Tena Cervantes mwenyewe, kwa maoni ya wataalamu wengi, alifariki Madrid tarehe 22. Tarehe 23 ndiyo iliyoingizwa kwenye daftari la parokia, na hapo kilichoandikwa kinaonekana kuwa ni maziko.

Mchanganyo huohuo ndio uliozaa dai kwamba Newton alizaliwa mwaka aliofariki Galileo. Galileo alifariki 8 Januari 1642 kwa kalenda ya Gregori, na Newton alizaliwa 25 Desemba 1642 kwa kalenda ya Juliasi. Ukiwaweka wote kwenye kalenda moja, Newton anaangukia 4 Januari 1643.

Dhana: tarehe zikitofautiana, basi tukio moja lilitangulia jingine.

Vitabu vinaonyesha Japani ikishambulia Pearl Harbor, kituo cha wanamaji wa Marekani huko Hawaii, 7 Desemba 1941 na kuivamia Malaya 8 Desemba. Msomaji anaona siku nzima katikati. Ukweli ni kwamba wanajeshi wa Japani walianza kushuka ufukweni Kota Bharu, huko Malaya, zaidi ya saa moja kabla ya bomu la kwanza kuanguka Pearl Harbor. Mstari wa tarehe wa Pasifiki, ambao ukiuvuka tarehe hubadilika, ndio uliowapa Malaya tarehe ya kesho. Kwa sababu kama hiyo Ulaya Magharibi huadhimisha kushindwa kwa Ujerumani 8 Mei na Urusi 9 Mei: silaha ziliwekwa chini dakika moja baada ya saa 5 usiku kwa saa za Ulaya ya kati, na Moscow ilikuwa imeshapita usiku wa manane.

Dhana: kugongana kwa tarehe hakuwezi kuwa bahati tu.

Kunaweza, na wala si ajabu. Wakusanye watu 23 wowote, uwezekano wa wawili wao kuzaliwa tarehe moja unapita nusu. Lincoln na Darwin walizaliwa siku ileile, 12 Februari 1809, na hakuna cha kufumbua hapo. John Adams na Thomas Jefferson, marais wa zamani wa Marekani, kufariki wote 4 Julai 1826, miaka 50 kamili baada ya Azimio la Uhuru wa Marekani, nakiri kunashangaza zaidi, ila mmoja alikuwa na miaka 90 na mwingine 83, wote hoi. Kinachosahaulika ni kwamba kura ya uhuru yenyewe ilipigwa 2 Julai 1776, na Adams alidhani hiyo ndiyo itakayosherehekewa. Tarehe 4 matini yalipitishwa. Sahihi nyingi zilitiwa 2 Agosti.

Dhana: tarehe 9 Novemba ina mkosi, au kismati, kwa Wajerumani.

Jamhuri ilitangazwa 9 Novemba 1918. Jaribio la Hitler la kupindua serikali lilizimwa kwa risasi Munich 9 Novemba 1923. Usiku wa 9 Novemba 1938 masinagogi yalichomwa nchi nzima. Ukuta wa Berlin ukafunguka 9 Novemba 1989. Hapa kusema "bahati" tu hakutoshi. Mwaka 1938 vigogo wa Nazi walikuwa wamekusanyika Munich kwa sababu ya kumbukumbu ya 1923. Habari ya kifo cha mwanadiplomasia wa Kijerumani aliyepigwa risasi Paris iliwakuta mezani, Goebbels, waziri wa propaganda, akahutubia, na wakubwa hao wakakimbilia simu kutoa amri mikoani kwao. Ya 1923 iliivuta ya 1938.

Ya 1989, kinyume chake, ni ulimi uliowahi. Kanuni mpya za raia wa Ujerumani Mashariki kusafiri nje zilipangwa kuanza kesho yake. Günter Schabowski, msemaji ambaye hakuwepo zilipojadiliwa, aliulizwa na waandishi zinaanza lini. Akapekua karatasi zake, akajibu kuwa kwa ajuavyo ni mara moja, bila kuchelewa. Usiku uleule umati ukafurika vituo vya mpakani. Kwa kuwa 9 Novemba ilikuwa pia na 1938 ndani yake, Wajerumani waliweka sikukuu yao ya muungano 3 Oktoba, siku ambayo Mashariki ilijiunga rasmi na Magharibi mwaka 1990.