Je, Wajua Kwa Nini Kuna Migodi ya Chumvi Mbali na Bahari?

Katika mji wa Wieliczka, ulio kusini mwa Polandi karibu na Kraków, kuna mgodi wa chumvi uliochimbwa tangu karne ya 13, na ambao siku hizi hupokea wageni zaidi ya milioni 1 kwa mwaka. Mgeni huteremka ngazi za mbao zipatazo 380 kabla hajafika kwenye njia na kumbi ambazo kuta, sakafu na hata nakshi zake ni chumvi tupu. Bahari ya Baltic iko karibu kilomita 500 kaskazini. Sisi wa Malindi, tuliozoea kuiona chumvi ikitoka baharini, tuna kila sababu ya kuuliza: chumvi hiyo ilifikaje huko?

Jibu linaonekana kwa macho katika mashamba ya chumvi ya Gongoni, Kurawa na Marereni, kwenye pwani iliyo kaskazini mwa Malindi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yenye kina kifupi, na bamvua ndiyo hufaa zaidi kwa kazi hiyo kwa kuwa maji hujaa sana kwenye hori; kisha hupitishwa kutoka bwawa moja hadi jingine huku jua na upepo vikiyapunguza. Lita 1 ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, na kila aina ina zamu yake ya kuganda. Chokaa hutangulia. Jasi hufuata, na kufikia wakati maji yamebaki takribani moja ya tano ya kipimo cha awali, huwa imeanza kutulia chini. Chumvi ya kula haijitokezi mpaka maji yabaki karibu sehemu moja ya kumi, na ndiyo maana hakuna kinachovunwa katika mabwawa ya mwanzo. Anayechuchumaa kando ya bwawa la mwisho mchana wa kaskazi, upepo ukiwa umetulia, huona juu ya maji vipande vidogo vya pembe nne vikielea, vyembamba mno, vikiendelea kukua kingoni hadi vielemewe na uzito wake vyenyewe, vikazama na kujiunga na tabaka jeupe lililo chini. Maji yanayosalia baada ya hapo huwa machungu kwa sababu yamejaa chumvi za magnesiamu, na huondolewa ili yasiharibu mavuno.

Kilichotokea Wieliczka ni kazi hiyohiyo, isipokuwa haikufanywa na mtu. Zaidi ya miaka milioni 13 iliyopita, sehemu ya kusini mwa Polandi ya leo ilifunikwa na bahari iliyokuwa mbele ya milima ya Carpathian, wakati milima yenyewe ilipokuwa bado inainuka. Bahari hiyo ilibanwa ikawa karibu kutengwa na bahari nyingine, maji yakawa yanakauka kwa kasi kuliko yalivyokuwa yanaingia, na chumvi ikaanza kuganda chini.

Hapa pana hesabu inayostahili kufikiriwa, kwa sababu ndiyo iliyowasumbua wanajiolojia kwa muda mrefu. Bahari yenye kina cha mita 1,000 ikikauka yote, huacha tabaka la chumvi lenye unene wa mita 15 hivi tu. Sasa, duniani kuna matabaka ya chumvi yenye unene wa mamia ya mita, na hakuna aliyekuwa tayari kuamini kwamba yalitokana na bahari zenye kina cha makumi ya kilomita. Ufumbuzi ni ule ambao kila mfanyakazi wa shamba la chumvi anaujua bila kuambiwa: bwawa halijazwi mara moja tu. Lango likibaki wazi kidogo, maji mapya huingia kila yale ya zamani yanapopungua, na chumvi huongezeka juu ya chumvi. Kwa bahari ya kale, lango hilo lilikuwa mlango mwembamba au kizingiti cha mwamba, na kazi iliendelea kwa maelfu ya miaka.

Chumvi hiyo isingesalia hadi leo kama isingefunikwa. Mvua moja ya masika inatosha kuyeyusha mavuno yaliyoachwa wazi bwawani, seuze mvua za mamilioni ya miaka. Tope na udongo wa mfinyanzi vilivyoletwa na maji kutoka milimani vilitanda juu ya chumvi, na kwa kuwa udongo wa aina hiyo haupitishi maji kwa urahisi, ukawa kinga yake. Baadaye milima iliendelea kusukuma kuelekea kaskazini, ikayakunja na kuyavunja matabaka, na mengine yakasogezwa karibu na uso wa nchi. Ndiyo sababu anayetarajia kuta nyeupe hushangaa kukuta mwamba wa rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani kibichi: ni chumvi iliyobeba udongo wa zama zake. Ukitaka kuhakikisha, waongozaji huwaruhusu wageni kuuramba ukuta.

Watu wa huko hawakuanza kwa kuchimba. Walianza kwa kuchemsha maji ya chemchemi za chumvi, na chemchemi zilipokauka wakaifuata chumvi chini, mpaka mgodi ukafika kina cha mita 327. Anayekumbuka jinsi papa wa ng'onda alivyoweza kusafiri mbali kabla ya barafu na friji kuwapo, hatashangaa kwa nini walijitaabisha hivyo. Katika nchi ya ndani isiyo na pwani ya joto, nyama na samaki wa kuvushia majira ya baridi walitegemea chumvi, na aliyeimiliki alikuwa na nguvu: katika karne ya 14, karibu theluthi moja ya mapato ya hazina ya wafalme wa Polandi ilitokana na chumvi.

Mgodi wenyewe umesimama miaka 700 kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba sehemu ya chumvi huachwa ibaki kuwa nguzo. Katika mgodi wa Khewra nchini Pakistan, ambao ndani yake mna msikiti mdogo wa matofali ya chumvi, takribani nusu ya chumvi haiguswi kwa ajili hiyo. Ya pili ni mbao. Magogo yaliyotiwa chini ya ardhi hufyonza chumvi yakawa magumu, wala hayaozi upesi kama mbao za juu.

Lakini kinachowavuta wageni zaidi ni kanisa la Mtakatifu Kinga, mtakatifu wa kike anayeheshimiwa na wachimbaji wa chumvi wa Polandi, lililo mita 101 chini ya ardhi. Lilianza kuchongwa mwaka 1896 na kazi ikaendelea zaidi ya miaka 60, na waliolichonga kwa sehemu kubwa ni wachimbaji 3 ambao hawakuwa wasanii wa kusomea. Sakafu inaonekana kuwa ya vigae, kumbe ni chumvi iliyochorwa mistari. Taa kubwa za darini zimepambwa kwa fuwele za chumvi. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kitu kikubwa kuliko vyote mgodini. Watu waliokuwa hatarini kila siku kwa sababu ya moto, gesi na kuporomoka kwa miamba walitaka mahali pa kuomba, wakapajenga kwa kile walichokuwa nacho mkononi.

Adui wa kazi hiyo ni unyevunyevu. Chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu unapozidi asilimia 75 hivi, na hali hiyo tunaijua vizuri huku Pwani, ambako chumvi ya mezani hutota hata watu wakaitilia punje za mchele. Hewa yenye unyevu iliyoingia kutoka nje, pamoja na pumzi za wageni, ilianza kufuta nyuso za sanamu, na mwaka 1989 UNESCO, iliyokuwa imeutambua mgodi huo kuwa urithi wa dunia tangu 1978, iliuweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mitambo ya kukausha hewa ilifungwa, na mwaka 1998 mgodi ukaondolewa katika orodha hiyo.

Maji ya chini ya ardhi ni hatari kubwa zaidi. Mwaka 1992 yalivamia njia moja ya mgodi yakibeba mchanga na tope, na ardhi ya juu ikatitia. Uchimbaji wa kibiashara ulikoma mwaka 1996, lakini maji bado hupenyeza ndani, na hayawezi kumwagwa mtoni kwa kuwa yana chumvi kali. Hukusanywa, hupandishwa juu na kukaushwa kiwandani, na chumvi inayobaki huuzwa.