Hakuna chama chenye wingi: maana yake katika halmashauri za Uingereza

Matokeo ya uchaguzi wa madiwani Uingereza yakitangazwa, kila halmashauri ya wilaya hutajwa pamoja na chama kilichoichukua: Conservative, Labour, Liberal Democrats. Nyingine hutajwa kuwa hakuna chama chenye wingi, yaani hakuna kilichovuka nusu ya viti. Kwenye halmashauri ya viti 40, wingi ni madiwani 21. Chama chenye 20 hakijafika, hata kama kinachokifuata kina 9 tu.

Uchaguzi haurudiwi. Mwezi huohuo wa Mei madiwani hukutana, humchagua mwenyekiti, na katika halmashauri nyingi humchagua pia kiongozi wa halmashauri. Kabla ya kikao hicho vyama huwa mbioni kutafuta wenza. Vyama vidogo vikiungana na madiwani huru, chama kilichoongoza kwa viti huweza kuishia upinzani. Ama hupewa uongozi bila ubia, na kila bajeti kikalazimika kuomba kura za wengine. Hata kiti cha mwenyekiti hugombaniwa, maana kura zikilingana yeye ndiye mwenye kura ya uamuzi.

Kiti kimoja kinatosha kubadili yote haya. Mei 2017 huko Northumberland, ambako kuna baraza la kaunti nzima lakini kanuni ni hiyohiyo, Conservative walihitaji viti 34 kati ya 67. Walikuwa na 33, ikabaki kata ya South Blyth, ambako mgombea wao alifungana na wa Liberal Democrats. Kura zikahesabiwa upya, bado sare. Sheria inataka sare iamuliwe kwa bahati, basi wagombea wakachomoa mirija. Mrefu ukaangukia kwa Liberal Democrats, na Conservative wakaongoza bila wingi.

Ndiyo maana napenda kuwahimiza Waswahili wanaoishi huko wasizipuuze kura hizi. Halmashauri ya wilaya ndiyo inayozoa taka, kutoa vibali vya ujenzi na kushughulikia wasio na makazi. Mkenya, Mtanzania au Mganda mwenye miaka 18 anayeishi kihalali England anaweza kujiandikisha na kupiga kura hata kama hana uraia wa Uingereza, kwa kuwa ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola. Tangu Mei 2023 kituoni hutakiwa kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi yake inakubalika.