Ultrasaundi ya utosi na ya moyo ni nini?

Mtoto njiti akipelekwa kupimwa kichwa, kinachomtisha mama ni kuona kifaa kikiwekwa utosini. Kwetu Tanga utosi hauguswi ovyo. Bibi huupaka mafuta kwa ncha ya kidole na kumkanya kila anayempakata mtoto. Basi mama atulie: kifaa huwekwa juujuu tu, hakina mionzi, na utosi umechaguliwa kwa sababu mfupa wa hapo bado haujafunga.

Ultrasaundi ni kupiga picha kwa sauti. Ukiita ndani ya Mapango ya Amboni, jiwe la karibu hukurudishia sauti upesi, la mbali hukawia. Mashine nayo hutuma sauti yenye mitetemo mamilioni kwa sekunde. Sikio letu huishia kama 20,000. Sauti hiyo hupita kwenye nyama kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde, na kompyuta huchora picha kwa kupima muda wa kurudi. Mfupa na hewa huizuia. Ile jeli ya baridi kazi yake ni kuondoa hewa juu ya ngozi.

Utosi wa mbele kwa kawaida hufunga mtoto akiwa na miezi 12 hadi 18. Kabla ya hapo daktari huweza kuona kama vyumba vya maji vya ubongo vimetanuka, au kama kuna damu. Kwa njiti hili halingoji, maana mishipa yake ni laini mno na damu huvuja zaidi siku za mwanzo.

Kwa mtu mzima sauti hupitishwa kati ya mbavu hadi moyoni. Hiyo ndiyo eko, iliyoanzishwa na Inge Edler na Hellmuth Hertz mjini Lund, Sweden, mwaka 1953. Wengi huichanganya na ECG, ambayo husoma umeme wa moyo. Kwenye eko unauona moyo wenyewe ukipiga.

Presha ya miaka mingi hunenepesha ukuta wa chumba cha kushoto, ambao kwa kawaida hauzidi sana sentimita 1. Moyo wenye afya husukuma zaidi ya nusu ya damu ya chumba hicho kila pigo. Damu inayosukumwa ikishuka chini ya asilimia 40 ya iliyomo, moyo umedhoofu. Lakini eko haioneshi vizuri mafuta yaliyoziba mishipa inayolisha moyo, kwa hiyo majibu mazuri si ruhusa ya kuacha dawa. Muulize daktari unene wa ukuta na asilimia ya msukumo, kisha itunze ripoti: kipimo kijacho kitalinganishwa nayo.