Chumba cha ndani ni stoo: Yesu alikuwa anasema nini kwenye Mathayo 6

Nafundisha Kigiriki cha Agano Jipya kwenye chuo cha Biblia, huu ni mwaka wa 13, na kila mwaka tukifika Mathayo sura ya 6, pale Yesu anapofundisha kutoa, kuomba na kufunga kwa siri, darasa linatulia kwa namna ambayo sura ingine haifanyi. Nadhani ni kwa sababu karibu wote mle ndani wanaomba mbele za watu kila Jumapili. Na mimi pia.

Tuanzie na neno mnafiki, manake hapo ndipo wengi wetu tunateleza. Sisi neno letu limetoka kwenye Kiarabu, na ukimwita mtu mnafiki mtaani unamaanisha huyu ana ndimi mbili, anakuchekea usoni halafu pembeni anakusema. Kwa hiyo tukisoma "msiwe kama wanafiki" tunajua sio sisi wanaosemwa, mimi simsengenyi mtu, tunapita. Lakini neno lililoko kwenye Kigiriki ni hupokritesi, na kazi yake ya siku zote lilikuwa ni kumtaja mwigizaji, yule anayepanda jukwaani amevaa kinyago akasema maneno ya mtu mwingine. Sio lazima awe mwongo. Sio lazima awe mbaya. Ni mtu ambaye kila anachofanya pale juu, anafanya kwa sababu kuna watu wamekaa wanatazama, wakiondoka na yeye hana sababu ya kuendelea. Majukwaa ya aina hiyo yalikuwepo nchi ile, Herode Mkuu alijenga moja Kaisaria pale pwani, na ukisoma mstari wa 1 "kusudi mtazamwe na wao", hilo neno la kutazamwa limetoka shina moja na neno lao la ukumbi wa maigizo. Yaani Yesu anauliza swali moja tu, ulikuwa unamfanyia nani.

Niliwahi kukaa kwenye ibada ya changizo, kanisa silitaji, mshereheshaji akaita wenye laki tano waje mbele wapigwe picha na mchungaji, halafu wenye laki, halafu elfu hamsini, makofi yanapungua kila daraja, mwisho akasema wenye elfu mbili mbili mtaweka kwenye kapu mkiwa mnatoka. Mama mmoja pembeni yangu alikuwa ameshika noti yake imekunjwa mara nne, akairudisha kwenye kanga. Mpaka leo ile picha haijanitoka. Yesu anasema ukitoa sadaka "usipige panda mbele yako", yaani tarumbeta, sisi tumeweka spika.

Halafu kuna "wamekwisha kupata thawabu yao". Hicho kitenzi cha Kigiriki kinaonekana kwenye risiti za zamani zilizochimbwa Misri, za kodi, za mauziano, mtu anaandika nimepokea, deni limekwisha. Wanafunzi wangu nawaambia fikirieni meseji ya M-Pesa ikiingia, Imethibitishwa, hapo huwezi tena kumwambia mwenzako hujanilipa. Ulitaka watu waseme huyu mama ni mwombaji, wamesema, muamala umekamilika. Kinachonitisha mimi kwenye huo mstari ni kwamba hakuna adhabu iliyotajwa hapo. Umelipwa ulichotaka, basi.

Sasa chumba cha ndani. Biblia yetu ya Muungano inasema "ingia katika chumba chako cha ndani", na kijana wa mjini akisoma anawaza chumba cha kulala, kona ya maombi yenye kapeti na taa. Neno la Kigiriki ni tameioni. Fungua Luka 12:24, kunguru "hawana ghala wala uchaga", lile ghala ni neno hilohilo! Ni stoo. Niliuliza darasani nyumbani kwenu kijijini ni mlango upi unafungwa kwa kufuli, mmoja akajibu haraka, wa stoo mwalimu, kwa ajili ya sukari na watoto. Ndivyo hata kwa mkulima wa Galilaya, mnalala wote pamoja, mnakula pamoja, penye mlango wa kufungwa ni pale kwenye nafaka. Na ukikaa na hiyo picha inazidi kufunguka, kwa sababu mtu akiingia chumba cha maombi watu wote wanajua anaenda kuomba, ila akiingia stoo wanajua amefuata maharage. Sio maneno yake tu yamefichika, hata kwamba anaomba hakuna anayejua. Huko kwenye magunia, na harufu ya mafuta ya taa, na panya, hakuna kitu cha kukusaidia ujisikie mtakatifu. Yupo Baba tu.

Kuna watu wakisikia hivi wanasema basi tuache maombi ya hadharani, na hapana, sio hivyo. Sura ya 5 tu hapo nyuma Yesu ameshasema nuru yenu iangaze mbele ya watu, sala yenyewe aliyofundisha inaanza na Baba yetu, sio Baba yangu, na kaburini kwa Lazaro aliomba kwa sauti watu wakisikia.

Na kubadilisha mtindo hakutibu. Kuna andiko la kanisa la mwanzo kabisa linaitwa Didake, linawaambia Wakristo msifunge pamoja na wanafiki, wao wanafunga Jumatatu na Alhamisi, nyinyi fungeni Jumatano na Ijumaa. Nawapenda sana hao ndugu ila hapo naona wameshika siku wameacha moyo, manake Yesu alizungumzia uso, "hujiumbua nyuso zao ili waonekane", sio kalenda. Na sisi tunafanya vilevile, huyu anadharau joho na uvumba wa wengine wakati kwake kuna kulia kwa zamu na sauti ya kukwaruza ya upako.

Lakini mstari ulionivunja mimi uko Luka 18, kwenye mfano wa Yesu wa watu wawili walioenda hekaluni kuomba, Farisayo mshika dini na mtoza ushuru. Yule Farisayo "akasimama akiomba hivi moyoni mwake". Moyoni! Wafasiri wanabishana namna ya kuutafsiri, wengine wanasoma kwamba alisimama peke yake, ila Biblia yetu imesema moyoni na Kigiriki kinaruhusu, maneno yake ni kama kujielekea yeye mwenyewe. Kwa hiyo hakuna aliyemsikia, na bado anaigiza, watazamaji kawahamishia ndani, ni yeye anajitazama. Hapo ndipo nilipojikuta. Kuna kipindi watu walikuwa wananiambia mwalimu ukiomba tunaguswa, na mimi nilikuwa nikifunga mlango nyumbani nasikia bado nachagua maneno, natengeneza sentensi nzuri, nazikubali mwenyewe. Miezi mingi iliisha hivyo.

Mwaka jana mwanafunzi akaniuliza, sasa mtu akigundua anaigiza, aache kuomba mpaka moyo utulie? Nikamwambia usiache, Yesu anasema "wewe usalipo", hasemi ukishakuwa safi. Mwambie hilohilo, Baba, nimeanza tena kujisikiliza. Mtoza ushuru alikuwa na maneno 6 tu kwa Kigiriki, alikuwa amesimama mbali, hata macho hakuinua, na alikuwa hekalu lilelile alilosimama Farisayo.