Usaili wa video kwa madaktari wanaoomba ubingwa: aina mbili zinazochanganywa

Hapa Kigoma, daktari kijana akisema tu kwamba ameitwa kwenye "intavyuu ya video" ya kusomea ubingwa nje, ushauri unammiminikia: jirekodi usiku mtandao ukiwa umetulia, ukikosea futa, rudia, kisha tuma iliyotoka vizuri. Nimeusikia mara nyingi mno, na wengi wanaopewa ushauri huo unawapoteza.

Usaili wa video ni maswali na majibu ya kupewa alama, yanayofanyika kwa kamera na intaneti ili kumchagua daktari atakayeingia mafunzo ya ubingwa. Maana yenyewe ndiyo hiyo. Tatizo ni kwamba jina hili moja limebeba mambo mawili.

La kwanza ni usaili wa moja kwa moja, na ndio wanaoutumia Uingereza. Zamani waombaji walisafiri hadi kwenye kumbi za usaili. Korona ilipoingia mwaka 2020, usaili ukahamia mtandaoni, na kwa fani nyingi umebaki huko huko. Wasaili wako upande wa pili, wanakuona, wanakuuliza, na jibu likiwa na pengo wanachimba. Mara nyingi usaili huo hugawanywa katika vituo: kimoja cha uamuzi wa kitabibu, kingine cha maadili, kingine cha kazi ulizokwisha kufanya.

Vituo hivyo vina asili yake. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake, huko Dundee, Scotland, walichapisha maelezo ya mtihani wa kuzunguka kituo hadi kituo, ambao wanafunzi wetu wa udaktari wanauita oski. Karibu miaka 30 baadaye, Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada kikachukua mtindo huo wa vituo na kuutumia kwenye usaili wa kuchagua wanafunzi wa udaktari: mazungumzo mafupi mafupi, kila kituo na msaili wake, ili chuki au upendeleo wa mtu mmoja usimwangushe wala kumbeba mwombaji. Ndiyo maana waombaji wote huulizwa kwa mpangilio mmoja na kila msaili hutoa alama zake. Anayedhani ni maongezi ya kufahamiana atashangaa.

Ila wanaouita "oski ya Zoom" nao wanavuka mpaka. Oski hupima mikono pia. Sehemu ya pili ya PLAB, mtihani wa madaktari waliosoma nje ya Uingereza, bado inakutaka uende Manchester wewe mwenyewe, kwa sababu hakuna anayepapasa tumbo la mgonjwa kupitia kamera. Kwenye usaili mgonjwa yuko kwenye maelezo tu: mama wa miaka 30, mimba ya nje ya kizazi imepasuka, presha 80 kwa 40, uko zamu ya usiku, unaanzia wapi? Daktari wa Kasulu au Kibondo anamjua mama huyo vizuri kuliko wasaili wanavyodhani. Lakini kwa kuwa amemzoea, anajibu kwa mkato: "Namwingiza tieta," yaani chumba cha upasuaji. Alama ziko kwenye yale aliyoyaruka: njia ya hewa, oksijeni, kanula mbili kubwa za kupitishia maji na damu mshipani, damu ya kupima kundi, simu kwa mkubwa wake na kwa mtu wa usingizi. Mikono yake ingeyafanya yote bila kuambiwa. Hapa inabidi ayataje, moja baada ya jingine.

Aina ya pili ni usaili wa kujirekodi. Swali linatokea kwenye skrini, saa inahesabu, unaijibu kamera, na hakuna mtu upande wa pili. Marekani, chama cha vyuo vya udaktari, AAMC, kiliujaribu kuanzia mwaka 2017 kwa waombaji wa ubingwa wa tiba ya dharura: maswali 6, sekunde 30 za kusoma, dakika zisizozidi 3 za kujibu. Baadaye wakauacha. Hata kwenye aina hii, mara nyingi hupewi nafasi ya kufuta na kurudia.

Kwetu huku mwisho wa reli, tofauti hiyo inaanzia kwenye saa. Wa kujirekodi kwa kawaida hukupa siku kadhaa, hivyo umeme ukikatika leo unaweza kufanya kesho. Wa moja kwa moja haukusubiri. Saa 3 asubuhi ya London mwezi Februari ni saa 6 mchana Kigoma. Wakishasogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi, inakuwa saa 5 asubuhi. Na aliye Manyovu, mpakani, aitazame simu yake vizuri: ikinasa mnara wa Burundi inaweza kurudi nyuma saa nzima, maana wenzetu wa ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja.

Kwa hiyo mdogo wangu akiitwa, kabla ya kupokea ushauri wa mtu yeyote, nikiwemo mimi, aufungue kwanza mwaliko wake. Ukitaja tarehe na saa ya kuingia, atakutana na watu, na mambo ya kujirekodi ayaache. Ukitaja tarehe ya mwisho ya kukamilisha, huo ndio wa kujirekodi, na asome masharti ya kurudia kabla hajabonyeza kitufe cha kuanza.