Miti ya bustani haiui usiku

Kuna ujumbe unaozunguka WhatsApp hapa Goma: eti miti ya bustani humaliza oksijeni usiku, na anayelala chini yake hufa. Si kweli. Mti hupumua usiku na kutoa kaboni dioksidi, lakini kidogo tu, na hewa ya nje husambaza gesi hiyo mara moja. Familia ngapi hulala katikati ya migomba na kuamka salama?

Kinachoua kweli, na kuwachanganya watu, ni mazuku: kaboni dioksidi itokayo ardhini penye miamba ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, mara 1.5 hivi, haina rangi, hutuama mashimoni, hasa alfajiri pasipo upepo. Ukiona shimoni wadudu au ndege waliokufa, usiiname, usishuke, wala usimtume mtoto kufuata mpira. Ujumbe wa miti usiusambaze tena: unawatisha watu na kivuli, huku shimo halitajwi.